Nyumba Moja, Vyungu Saba: Historia ya Kukaa Wengi Katika Parseli



Katika mkutano uliopita nilisimama kutoa ripoti ya nyumba yetu ya mapokezi, ile ya Uvira, na sikufika hata nusu. Mzee mmoja akanikatiza: "Mwanangu, funga ile nyumba. Batu bengi ndani ya nyumba moja, ile haiyatengenea hata siku moja." Wengine wakapiga makofi. Na mfadhili mmoja ameuliza kwa barua juu ya nini familia zilizopaswa kukaa miezi 3 zimepita mwaka, na juu ya nini kila ripoti yangu ina kesi ya ugomvi. Komite imenipa kazi ya kuandika kidogo kabla ya mkutano mkuu, maana huko ndiko tutapiga kura: tuendelee kulipa ile nyumba ao tuiache.

Mimi nilisoma historia chuoni kabla ya kuingia kazi ya ONG. Mzee aliposema "hata siku moja", lile neno lilinishika. Je, ni kweli? Watu wa nchi hii wamekaa wengi chini ya bati moja tangu zamani, na si kila pahali walishindwa. Kwa hiyo nitaanza mbali kidogo. Mnivumilie, Uvira tutafika.

Tuanze Katanga. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na reli ya kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Shaba ilikuwa nyingi, watu wa kuichimba walikuwa wachache. Wakaajiri vijana toka mbali, wengi toka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kwa mikataba mifupi, wakawaweka kambini wanaume watupu, wamebanana vyumbani. Nyumonia na kuhara damu viliwamaliza wengi. Kisha, katikati ya miaka ya 1920, kampuni ikageuza njia. Ikataka mfanyakazi wa kudumu: toka Lomami, Kasai ao Ruanda-Urundi, mkataba wa miaka 3, aje na bibi yake, wazae, watoto wasome shule ya kampuni. Watu wa lugha nyingi wakakaa ukuta kwa ukuta, na lugha ya kuombana chumvi ikawa Kiswahili.

Mambo yalitengenea kweli. Familia ilipata nyumba yake, posho ya chakula, na dispansari. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha, hata kama umeikalia miaka 15 na umepanda mwembe mlangoni.

Aliyefanya kazi kwa Mzungu nyumbani alikuwa na makao ya namna nyingine: kijumba nyuma ya uwanja wa bwana, ile tuliyoita boyeri. Mchana boyi aliingia kila chumba cha ile nyumba kubwa, alijua nani amelala na nani amekasirika; jioni alirudi kwenye kijumba chake kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Mwaka 1965 kikundi cha watu waliokuwa maboyi Elisabethville kiliandika historia ya mji wao, kwa Kiswahili chao wenyewe. Aliyeshika kalamu ni André Yav. Hakutumwa na padri wala na profesa. Profesa, Johannes Fabian, alikuja nyuma na kukitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Ninawataja juu walikuwa kikundi cha watu wa hali moja, kama sisi, na waliona kwamba mambo ya nyumba, ya kazi na ya mshahara yanastahili kuandikwa. Wanachama wanaonilaumu kwamba ninaandika sana, wakumbuke hao wazee.

Mwafrika asiyekaa kwa kampuni wala kwa bwana alikaa site. Elisabethville ilikuwa Cité Albert, leo Kamalondo, na kati yake na mji wa Wazungu waliacha eneo tupu. Mwaka 1931 Leta ya kikoloni ikazipa site za namna hiyo sheria na shefu wake. Mwaka 1952 ikaunda ofisi ya kujenga miji ya Waafrika, OCA, ndiyo iliyojenga Bagira kule Bukavu na Ruashi kule Elisabethville. Ng'ambo ya pili kwa majirani zetu, wazee wa Bujumbura hadi leo wanaiita Ngagara kwa jina la ofisi hiyo. Nyumba zilikuwa nzuri, za matofali, zimepangwa mstari. Lakini zilipimwa kwa baba, mama na watoto. Hakuna aliyepima chumba cha shangazi, ao cha mpwa anayesoma, ao cha mgeni wa kilio aliyekuja siku 3 akakaa mwaka mzima.

Baada ya uhuru wa 1960 hakukuwa tena mtu wa kukuzuia kuhamia mjini bila karatasi ya Leta, na vita vya mwanzo vya miaka ya 1960 vikasukuma wengi. Mwaka 1973 sheria ya udongo ikasema udongo wote ni wa Leta, mtu anapewa tu haki ya kuutumia. Mwenye kushika ile karatasi akaona mali. Nyuma ya nyumba yake akaongeza vyumba viwili, kisha vinne, vimejipanga kama vyumba vya shule, kila kimoja na mlango wake na lokatere wake. Hapo neno parseli likabadilika maana. Mtu akikwambia leo "sisi ni ba parseli moja", hasemi udongo, anasema watu.

Sote tumekaa parseli ya namna hiyo ao tumetembelea. Choo kimoja, bomba moja, konteri moja ya umeme. Mama kila mmoja na mbabula yake mlangoni. Saa kumi na mbili ya jioni moshi wa makala unapanda kutoka milango 6, na harufu inasema nani leo ana samaki na nani anapika sombe bila mafuta. Mwenye parseli anafunga geti saa tatu ya usiku, na anayechelewa anagonga mpaka mtaa mzima ujue. Fakture ya umeme inakuja moja, na hapo vita vinaanza: nani ana friji, nani ana pasi, nani ana balbu moja tu.

Lakini katika parseli hiyohiyo mtoto wa mtu mgonjwa anakula kwa jirani bila kuombwa. Likelemba inazunguka kati ya akina mama, franka kidogo kila juma, na wengi wamelipia shule kwa njia hiyo. Mtu akifa usiku, haiko ndugu wa damu anayefika kwanza. Nimeona lokatere wawili ambao hawakusalimiana miezi 8 juu ya kamba ya nguo wakibeba jeneza moja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kisha wakarudi kwenye kamba yao.

Nigeuke kidogo kwa wanafunzi, maana huko nilijifunza kwa mwili wangu. Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa, kilifunguliwa mwaka 1954, na Elisabethville ikafuata. Mabweni, ambayo tunaita homu, yalijengwa kwa wanafunzi wachache wenye meza na kitanda chao. Mwaka 1971 Leta ikaunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA, mwaka 1981 ikavigawanya tena, na muda huo wote wanafunzi waliongezeka kuliko vitanda. Akazaliwa makizari: mwanafunzi asiye na chumba anayelala kwa mwenzake mwenye chumba. Jina limetoka maki, porini kwa wapiganaji. Sisi wa Fizi neno hilo halitushangazi, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP mwaka 1967 na kukaa maki kwenye milima yetu, Hewa Bora. Lakini makizari wa homu hana bunduki, ana godoro la kukunja na vitabu.

Nilikuwa makizari miaka miwili, chuo sitakitaja. Chumba cha vitanda 2, sisi watu 8. Wenye vitanda walikuwa wakubwa, tuliwaita "yaya" na ufunguo ulikuwa wao. Tulilala kwa zamu wakati wa mitihani; aliyesoma usiku alirithi godoro la anayeamka, likiwa bado na joto. Juma la kwanza palitokea ugomvi juu ya sukari, la pili juu ya resho, maana mmoja alipika maharagwe saa 4 nzima na fyuzi ikaungua, koridori yote ikawa giza. Ndipo yaya mmoja akachukua karatasi na kuibandika nyuma ya mlango. Kila mtu jina lake. Kila mtu analipa kichwa chake: sukari, unga, makala siku ambazo hakuna umeme. Mgeni akilala siku zaidi ya 3 anahesabiwa kichwa. Ufunguo ukachongwa mara tatu, mmoja ukakaa kwa makizari. Hatukupendana zaidi kuliko mbele, nisidanganye. Ila vita ya sukari ilikwisha, juu kila mtu aliweza kusoma mlango.

Nilisema Uvira tutafika. Mwezi wa 10 wa mwaka 1996 vita vilipoanza kwetu, wengi wetu tulivuka ziwa mpaka Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, Lugufu mwaka uliofuata. Mimi nilikulia Lugufu. Maisha ya kambi yalikuwa magumu, kila mtu anajua, lakini jambo moja tunasahau: kila familia ilipewa kiwanja chake. Nyumba ilikuwa ya udongo na plastiki juu, ndogo, lakini mlango ulikuwa wako. Mpangilio wa maji ulikuwa bombani, si nyumbani. Ugomvi ulibaki kwenye foleni ya bidoni, jioni kila mtu alijifungia kwake.

Kurudi kulianza kwa mpango wa HCR mwezi wa 10 wa 2005, kwa boti toka Kigoma mpaka Baraka, na wanaokumbuka MV Mwongozo wanakumbuka pia namna watu walivyoimba ufuko ulipoonekana. Kisha ukashuka, ukafika kwenu, ukakuta mtu anapika ndani ya nyumba ya baba yako. Si mwizi. Naye alikimbia pahali pengine, alikuta nyumba tupu. Kumtoa kulihitaji miezi, wakati mwingine miaka, na wengine hatukuwatoa. Sisi tulikaa kwa mjomba, watu 14 vyumba 3. Baba yangu, aliyekuwa mkubwa wa nyumba yake Lugufu, akawa anaomba ruhusa ya kuwasha redio. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, na nadhani kule kunyamaza kulimuumiza kuliko kambi.

Hapa niseme wazi kwa wafadhili. Huku Mashariki ya Congo, watu wengi waliokimbia ao kurudi hawakai kambini, wanakaa kwa ndugu na kwa majirani. Goma, baada ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, vilevile: waliobaki na nyumba walipokea waliounguliwa. Uvira, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe uliacha njia yake ukapita katikati ya nyumba za watu. Tangu hapo vyumba vya kupanga vimekuwa haba, na waliokuwa wakipokea wageni wakawa wageni wenyewe. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Ni sheria nzuri. Wanachama wetu wanaombwa miezi 6, pesa mkononi, bila karatasi, na anayetaja sheria anaambiwa akapange kwa sheria. Ndiyo juu yake familia haitoki kwetu baada ya miezi 3. Haikatai kutoka. Haina garanti.

Sasa nyumba yetu. Vyumba 7, familia 7, watu 38 tulipoanza. Choo kimoja cha milango 2, bomba moja uwanjani. Kanuni niliandika mimi, ofisini, kwa kompyuta, na komite ikaisaini. Kuhusu maji niliandika mstari mmoja: fakture inagawanywa sawa kwa vyumba 7. Niliona ni haki, na hesabu ni rahisi.

Chumba cha kwanza kina baba, mama na watoto 7. Chumba cha tano kina mama mjane na mjukuu. Walilipa sawa. Miezi miwili mama alilipa kimya. Mwezi wa tatu akasema uwanjani, wote wakisikia: "Miye siwezi lipa mayi ya batu kenda. Niko na mujukuu mumoja tu." Mwenye watoto 7 akachukua kama ametukanwa juu ya uzazi wake. Wa chumba cha pili akasema kama mama halipi, yeye naye halipi. Miezi mitatu deni likapanda, bomba likafungwa. Nilikuwa na misheni Fizi, sikujua. Watu wakaanza kuchota ziwani. Uvira ni mji ambao kipindupindu hakiondoki, na mwenye kuchota ziwani anajua anachochota, lakini kiu haingoji fakture. Baada ya siku 11 mtoto wa chumba cha tatu, miaka 4, akaanza kuhara usiku. Walimbeba mgongoni mpaka kituo cha matibabu. Alilala pale siku 5. Alipona, Mungu ashukuriwe.

Alipokuwa bado amelazwa, wengine wakaamua kwamba ugonjwa umeletwa na watoto 7 wa chumba cha kwanza, kwamba ndio wanaochafua choo. Wakawatolea vitu nje. Watu 9 walilala usiku mbili ndani ya kanisa, na walikuwa wamerudi kutoka Tanzania miezi 10 tu. Niliporudi, yule baba hakunipigia kelele. Aliniuliza: "Shefu, ile kanuni uliandika kwa nani?"

Katika ripoti niliandika "kesi ya ugomvi kati ya familia". Haikuwa hivyo. Ilikuwa mstari mmoja wangu. Jambo nililolijua nikiwa na miaka 21, lililobandikwa nyuma ya mlango wa homu, nikalisahau nilipopata kompyuta ya ONG. Ninawaomba radhi wazazi wa yule mtoto, na familia ya chumba cha kwanza, katika jarida hili ambalo kila mtu anasoma.

Tulifanya nini? Shirika lilikopa na kulipa deni la maji. Familia ya watu 9 ikarudi chumbani kwao. Shefu wa avenyu alikuwapo, na waliowatoa walibeba vitu wao wenyewe kuvirudisha. Kisha tukakaa uwanjani mchana mzima, watu wazima wote, si komite peke yake, na kanuni ikaandikwa upya. Maji yanalipwa kwa kichwa, mtoto mwenye kunyonya hahesabiwi. Choo kinasafishwa kwa zamu kila siku, chumba kwa chumba, na majivu ao klorini inawekwa mlangoni. Daftari la malipo linashikwa na yule mama mjane, juu yeye ndiye aliyeona kosa la kwanza. Alikuwa akiuza ndagala Kigoma, hesabu haimtishi. Tulibishana sana juu ya wageni. Mwishowe tukachukua ile ya makizari, siku 3 halafu anahesabiwa. Ufunguo wa geti, uliokuwa mmoja na mimi ndiye nilikuwa naupanga, sasa ni 7.

Tangu siku ile imepita miezi 4 bila deni la maji. Familia 2 zimetoka, moja kwenda Baraka, moja imepata chumba Mulongwe kwa mkopo wa likelemba ya uwanjani, si kwa pesa yetu. Ugomvi upo bado. Juma lililopita nilisikiliza kesi ya redio ya saa tano ya usiku, na nyingine ya bata aliyekula mchicha wa mtu. Nitaziandika katika ripoti, na naomba mfadhili wetu azisome bila kuogopa.

Pendekezo langu kwa mkutano mkuu ni hili. Tusifunge nyumba. Tuibakize kwa familia 5, si 7, chumba kimoja kiwe cha mgonjwa na kimoja cha watakaoshuka boti kwa ghafula. Pesa itakayobaki iwe mfuko wa garanti, mkopo wa miezi 3 kama sheria inavyosema, na mtu wa komite aende pamoja na familia kwa mwenye parseli, karatasi mkononi. Komite inajua mwenye nyumba ametaka kupandisha bei mwezi wa kwanza. Hilo halijaisha, tutalizungumza palepale.

Mwanachama anayetaka kuangalia hesabu mbele ya kura, daftari liko chumba cha tano. Apite asubuhi mapema. Kuanzia saa tatu mama yuko soko.